Mama, Usione Haya: Imani na Afya Wakati wa Kukoma Hedhi



Wapenzi wasikilizaji, nanyi makatekista mnaotusikiliza pamoja na waamini wenu vigangoni, kila mwaka tarehe 18 Oktoba Kanisa huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Luka Mwinjili, ambaye Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakolosai, anamtaja kwa upendo kuwa ni tabibu. Tarehe hiyo hiyo imetengwa duniani kuwa siku ya kuwakumbuka wanawake waliofikia umri wa kukoma hedhi. Sidhani kwamba walioipanga siku hiyo walimfikiria Luka, lakini naona kwamba mambo haya mawili yamekutana vizuri, na ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo karibu halisemwi kabisa katika makanisa yetu.

Najua wapo walioshtuka. Hedhi kutajwa redioni, tena siku ya Bwana, tena na padre! Lakini Maandiko Matakatifu hayakuona haya hiyo. Fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 18. Abrahamu ameketi mlangoni pa hema lake kwenye miti ya Mamre, jua likiwa kali, wakamjia wageni watatu. Akawakaribisha, akawaandalia ndama na maziwa. Wageni wakamwulizia Sara, tena kwa jina lake. Ndipo, katika aya ya 11, mwandishi anatueleza waziwazi kwamba Sara alikuwa amezeeka na kwamba siku zake za kike zilikuwa zimekwisha. Hakutumia mafumbo, wala hakuomba radhi.

Somo hili husomwa kanisani Dominika ya 16 ya Mwaka C. Mara ya mwisho lilisomwa Julai 2025. Lakini katekista mwangalifu atagundua jambo moja: somo la Dominika hukomea aya ya 10, yaani aya moja tu kabla ya maneno hayo. Sisemi kwamba waliopanga masomo walikusudia kuwaficha akina mama. Nasema tu kwamba Mkristo asiyefungua Biblia nyumbani kwake aweza kwenda Misa kila Dominika miaka arobaini bila kujua kwamba Neno la Mungu limeitaja hali yake.

Hapo hapo nitoe onyo. Nimepata kusikia wahubiri wakiwaambia wanawake wa miaka hamsini na mitano kwamba wakitoa sadaka nono watazaa kama Sara. Muujiza wa Sara ulikuwa na kazi yake katika historia ya wokovu, nao hauuzwi. Linalomhusu kila mama katika habari ile ni hili: Mungu alifika penye hema la mwanamke ambaye watu walikwisha kumhesabu kuwa amekwisha kazi, akaulizia habari zake.

Ndugu zangu, niwasimulie kosa langu mwenyewe. Katika parokia moja niliyopata kuihudumia alikuwapo mama mmoja, kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, msomaji hodari wa masomo, na mlezi wa wajukuu watatu. Ameniruhusu nisimulie habari zake bila kutaja jina. Alinijia ofisini akasema, "Padre, naona Mungu ameniacha." Nikamwuliza kwa nini. Akaeleza kwamba usiku hushtuka moyo ukimwenda mbio, shuka imelowa jasho. Kwamba huwakaripia wajukuu kwa neno dogo, kisha hulia peke yake jikoni. Kwamba sala zake za asubuhi zimekuwa kavu. Na kwamba Jumapili iliyopita, alipokuwa akisoma waraka, maneno yalimpotea akasimama mbele ya watu kama mtoto asiyejua kusoma.

Nami nikamfanya nini? Nilimpa novena, nikamshauri afunge kila Ijumaa. Aliporudi baada ya mwezi, hali ikiwa mbaya zaidi, nikamwongezea Jumatano. Mara ya tatu hakuja kwangu. Alianguka kwa kizunguzungu njiani akitoka kisimani, akapelekwa zahanati. Sista aliyekuwa muuguzi pale alimpima, akamhoji kwa utaratibu, kisha jioni akaja nyumba ya mapadre, akaniambia, "Padre, umempa mfungo mtu aliyehitaji maziwa."

Neno lile lilinichoma, na mpaka leo sijalisahau. Mama yule hakuwa amepoteza imani. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na mwili wake ulikuwa ukivuka kutoka kipindi kimoja cha maisha kuingia kingine. Wala si kwamba sala haifai. Kosa langu lilikuwa kuyachukua maumivu ya mwili nikayaita dhambi ya roho, na hivyo nikamtwisha mzigo wa pili mtu aliyekuwa tayari ameelemewa na wa kwanza.

Basi ni nini hasa hutokea? Mwanamke huzaliwa akiwa na akiba ya mayai katika ovari zake mbili. Akiba hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, haiongezwi. Inapokaribia kwisha, ovari hupunguza kutoa kichocheo kiitwacho estrojeni, ambacho kazi yake haiishii katika uzazi, bali hugusa mifupa, mishipa ya damu, ngozi, usingizi na hata sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Kwa wanawake walio wengi hali hii hufikia kilele kati ya umri wa miaka 45 na 55. Waganga husema kwamba hedhi imekoma pale mama anapokuwa amekaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo sababu nyingine. Kabla ya hapo hupita miaka kadhaa ya mashaka, siku zikija mapema au zikichelewa, mara nyingi mara chache. Akikoma kabla ya miaka 40, hiyo ni mapema mno, naye hana budi kumwona daktari hata kama hana maumivu.

Kwa kuwa ubongo umeyumba katika kupima joto, mama huvukwa na joto la ghafla kifuani, shingoni na usoni, kisha hutoka jasho na kuhisi baridi. Hutokea mchana, hutokea usiku. Usingizi ukikatika kila siku kwa miezi, nani asiye na hasira? Nani asiyesahau? Wapo wanaopita kipindi hiki bila usumbufu wowote, wakamshukuru Mungu; wapo wanaosumbuka miaka saba au zaidi. Aliyepita salama asimcheke mwenzake kwamba anajidekeza.

Hapa kwetu lipo tatizo la namna yake. Mama akitoka jasho usiku na mwili kumwuma, familia husema ni malaria, akanunuliwa dawa dukani; wiki ijayo dawa tena. Nawasihi, pimweni kwanza. Na tena, jasho la usiku laweza kuwa dalili ya kifua kikuu, hasa likiandamana na kikohozi na kukonda, au ya ugonjwa mwingine. Kwa hiyo si sahihi kudhani kila jasho ni malaria, wala si sahihi kudhani kila jasho la mama wa miaka hamsini ni umri tu.

Lakini lipo jambo moja ambalo, kama mtasahau mengine yote niliyosema leo, naomba mlishike. Mama aliyekwisha kukaa mwaka mzima bila hedhi, kisha akaona damu tena, hata tone moja, aende hospitali. Asingoje. Wapo akina mama wanaofurahi wakidhani ujana umerudi. Wapo wanaoona haya kwa sababu ni wajane na wanaogopa watu watasema nini. Wapo wanaofichama mpaka harufu inawatangaza. Mara nyingi sababu huwa si kubwa na hutibika upesi. Lakini damu hiyo yaweza pia kuwa ishara ya kwanza ya saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa kizazi, na saratani inayoonekana mapema hutibika, hali ile inayofichwa huua. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi niongeze kidogo. Husababishwa na virusi vya papiloma, ambavyo mtu aweza kuwa navyo miaka mingi bila kujua. Zahanati nyingi hupima kwa kupaka siki hafifu na kutazama. Kipimo hicho ni kizuri kwa mama kijana, lakini kwa aliyekoma hedhi sehemu inayotakiwa kutazamwa huwa imerudi ndani, kwa hiyo aulize kama kipo kipimo cha virusi vyenyewe. Na wale wenye binti na wajukuu wa kike wajue kwamba chanjo dhidi ya virusi hivyo hutolewa nchini Tanzania tangu 2018. Bibi aliyeelewa jambo hili ni mwalimu bora kuliko tangazo lolote.

Nikiwaza juu ya haya namkumbuka yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Someni habari zake katika Injili ya Marko, sura ya 5, kisha mlinganishe na Luka, sura ya 8. Marko anasimulia kwa ukali kwamba waganga wengi walimtesa, wakamla mali yote, naye hakupona bali alizidi kuwa mgonjwa. Luka anapofika hapo hasemi kwamba walimtesa wala kwamba alizidi kuwa mgonjwa, bali kwamba hakuna aliyeweza kumponya. Wafafanuzi wa Biblia hutabasamu hapa: tabibu Luka amewastiri wenzake! Lakini wote wawili wanakubaliana katika jambo kubwa. Kwa Sheria ya Walawi, sura ya 15, mwanamke yule alihesabiwa kuwa najisi, na kila amguswaye angekuwa najisi. Bwana wetu hakumkemea kwa kumgusa. Alimsimamisha mbele ya watu wote, akamwita binti yake. Hivyo damu ya mwanamke haikuwa tena sababu ya kumweka mbali na Mungu, na kukoma kwake vilevile hakumfanyi kuwa mtakatifu zaidi wala duni zaidi.

Ni vema pia kujua kwamba mwanamke yule alikwisha kutafuta tiba kwa miaka kumi na miwili, na Injili haimlaumu kwa hilo. Mkristo anayekwenda hospitali hamkosei Mungu. Ipo tiba ya vichocheo, yaani kumrudishia mama estrojeni kwa vidonge, kwa dawa ya kupaka au kwa plasta. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uliwatisha watu wengi juu ya tiba hiyo, hata wakaiacha. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mama mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi kukoma, faida mara nyingi huzidi hatari. Mama ambaye bado ana mji wa mimba hupewa pamoja na dawa ya pili ya kuulinda. Aliyepata kuugua saratani ya titi, au kuganda kwa damu, au kiharusi, au anayetokwa damu isiyojulikana sababu, kwa kawaida hapewi. Ni kazi ya daktari kupima, wala si ya jirani aliyebakiza vidonge kabatini. Kanisa halina katazo lolote juu ya tiba hii. Ni dawa kama dawa nyingine.

Kwa walio wengi vijijini tiba hiyo iko mbali, lakini chakula kiko karibu. Mifupa ya mama hupoteza nguvu upesi katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma, na ndiyo maana bibi huteleza kidogo tu bafuni akavunjika nyonga. Maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maharage, mboga za majani: hivi visiwe vya baba na watoto tu, mama akabaki na ukoko. Jua la asubuhi na kutembea huimarisha mifupa. Chumvi ipunguzwe, kwa maana shinikizo la damu hupanda katika umri huu. Lipimwe, na sukari nayo ipimwe. Pombe, tumbaku, na kwa wengine pilipili na chai ya moto sana, huamsha lile joto. Usiku avae nguo nyepesi ya pamba.

Na kuhusu kufunga, makatekista sikilizeni vizuri ili msirudie kosa langu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1252, huwafunga waliotimiza miaka 18 mpaka mwanzo wa mwaka wao wa sitini. Na mgonjwa hafungwi na sheria hiyo hata akiwa katika umri huo. Mama aliyedhoofika aweza kutoa tendo jingine la toba au la mapendo. Asibaki na dhamiri yenye vidonda kwa sababu amekunywa uji Ijumaa Kuu.

Sasa niseme na akina baba, maana najua mmesogea karibu na redio. Mkeo akikuambia kwamba tendo la ndoa limekuwa na maumivu, hakukosi heshima wala hakupendi kidogo. Estrojeni ikipungua, sehemu za siri hukauka na ngozi yake huwa nyembamba. Ni jambo la mwili, na zipo dawa za kupaka ambazo mganga ataelekeza. Mwende wote wawili. Lakini wapo wanaume ambao, badala ya kwenda zahanati, huenda nyumba ndogo, kisha hujitetea kwamba mke wangu amekwisha. Amekwisha nini? Ulimwoa ili awe shamba, ukaliacha lilipochoka? Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa 1981 juu ya familia, alifundisha kwamba maisha ya ndoa hayapotezi thamani yake hata pale ambapo watoto hawawezi kupatikana. Na kanuni ya 1084 yasema kwamba kutoweza kuzaa hakuzuii ndoa wala hakuibatilishi. Ndiyo kusema mjane wa miaka hamsini na tano akitaka kufunga ndoa kanisani, katekista asimwandikie kwa uso wa kuuliza, "Ya nini tena?"

Kwa wanandoa ambao bado wako katika miaka ile ya mashaka: mimba yaweza kutungwa mpaka ile miezi 12 itimie, na dalili za njia za asili huwa ngumu kusomeka. Mwoneni mwalimu wa uzazi wa mpango kwa njia za asili wa jimbo lenu.

Lipo jambo zito kuliko yote, nami nalisema kwa uchungu. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, akina mama wazee wamepata kuuawa kwa kukatwa mapanga wakishukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na wa samadi walipokuwa wakipikia hao hao wanaowashutumu. Sasa mfikirie mama wa miaka hamsini. Usiku wa manane joto linampanda, anakosa pumzi, anatoka nje na khanga moja kupunga upepo. Jirani anamwona. Asubuhi yanaanza maneno: fulani hutoka usiku. Mwezi ujao amemkaripia mtoto wa jirani, na mtoto akaugua. Wiki ijayo mganga wa kupiga ramli ameitwa. Hivyo ndivyo kutojua kunavyoweza kugeuka kuwa damu mikononi mwa watu waliobatizwa. Katekista aliyeielewa hali hii, akasimama kwenye jumuiya akasema, "Huyu mama anasumbuliwa na umri wake, kama mama yako na wangu," aweza kuokoa uhai wa mtu. Na kama maneno yamekwisha kuanza, asitosheke na kusema. Apeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa polisi siku hiyo hiyo, na mama alazwe mahali salama.

Luka tabibu ametuachia mama mwingine pia: Ana binti Fanueli, wa kabila la Asheri, katika sura ya 2. Aliolewa, akakaa na mumewe miaka saba, akafiwa, na alipokutana na Mtoto Yesu hekaluni alikuwa na miaka themanini na minne. Fanyeni hesabu. Kama hedhi yake ilikoma penye hamsini, basi kazi ile aliyoitiwa, yaani kumtambua Bwana na kuwapasha habari wote waliongojea ukombozi wa Yerusalemu, ilimjia miaka zaidi ya thelathini baadaye. Na twaweza kuwaza kwamba, katika hekalu ambamo Sheria iliwazuia wanawake wasiingie siku zao, Ana aliweza kukaa mchana na usiku bila kuhesabu siku yoyote. Jambo ambalo majirani labda walilihesabu kuwa hasara, yeye alilitumia kama nafasi.

Kuhusu mama yule wa parokia yangu: Sista alimpa ushauri, daktari wa wilaya akamtibu shinikizo la damu lililokuwa limejificha, nami nikamwomba radhi. Alicheka. Baadaye alimwalika Sista aje kuzungumza na akina mama wa WAWATA siku ya Alhamisi, katika chumba cha mafundisho. Walifika wengi kuliko viti, na maswali yalidumu mpaka taa ikawashwa. Wanaume waliowasindikiza walikaa nje chini ya mwembe wakijifanya wanazungumzia bei ya pamba. Nilipotoka kuwatazama, benchi lao lilikuwa limekwisha kuhamishwa mpaka chini ya dirisha.